Makali Yamelala, Hayajaisha

Hotuba niliyoitoa Uyole, Mbeya, mbele ya mama lishe, wauza chipsi na wapishi wa shule. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema siku ile.

Kamwene kwa mliotoka Iringa na Njombe. Mugonile, ndugu zangu Wanyakyusa. Wazee wangu, shikamoni. Na ninyi vijana wa chipsi mliokaa kule nyuma, sogeeni mbele, maana nusu ya maneno yangu leo ni yenu.

Nimeombwa niseme juu ya kazi za jikoni, nami nimechagua kisu. Nimepika katika jiko la shule ya bweni kwa miaka 22, watoto wakiwa 600 na zaidi, na katika miaka hiyo yote sijaona chombo kinachofanya kazi nyingi na kutunzwa kidogo kama kisu. Sufuria tunaisugua mpaka inang'aa. Jiko la mkaa likipata ufa tunalikandika udongo siku hiyo hiyo. Kisu tunakitupa ndani ya beseni pamoja na vijiko na vifuniko, na kesho yake kikiteleza juu ya ganda la nyanya tunasema tumeuziwa kisu feki.

Kabla sijaendelea, kila mmoja wenu atazame kidole gumba cha mkono wake wa kushoto. Tazameni vizuri. Wengi mnaona mistari midogo, mingine mipya, mingine imeshakuwa makovu ya zamani. Inatokana na namna yetu ya kukata. Wenzetu wa mahotelini wanakatia juu ya ubao. Sisi kitunguu kimekaa kiganjani, kisu kinakuja kuelekea gumba, vipande vinadondoka moja kwa moja ndani ya sufuria. Kabichi tunaikumbatia kwa mkono mmoja na kuichana nyembamba kama uzi, huku tunaongea na mteja. Huo ni ufundi, na sitaki mtu yeyote awaambie kwamba ni ushamba. Mwanamke wa Mwanjelwa anaweza kumaliza kabichi tatu mkononi kabla mwanafunzi wa hoteli hajamaliza kufuta ubao wake.

Lakini fundi wa namna hiyo ubao wake ni mkono wake mwenyewe. Kisu kikali unakiongoza kwa nguvu kidogo, kwa hiyo unakisimamisha pale unapotaka. Kisu butu unakisukuma. Na kitu unachokisukuma kwa nguvu, kikiachia ghafla, hakisimami mpaka kikutane na nyama. Mimi kovu langu hili hapa nililipata mwaka wangu wa pili kazini, nikipasua boga. Kisu kilikuwa butu, nikaona uvivu kushughulika nacho, nikaweka uzito wa bega. Kikateleza juu ya ganda. Nilishonwa nyuzi 5, na kwa wiki mbili binti aliyekuwa msaidizi wangu alipika chakula cha watoto 600 peke yake. Simlaumu mtu. Kisu kilikuwa changu, na hakuna aliyewahi kunionyesha kitu nitakachowaonyesha leo.

Sasa tuseme kisu kinakuwaje butu.

Makali ni chuma kilichokondeshwa pande mbili mpaka kikawa chembamba kuliko unywele, tena kwa mbali sana. Kitu chembamba hivyo hakiwezi kubaki wima siku zote. Kikigonga ubao, kikigonga kitako cha sufuria, kikigonga mfupa wa kuku, kinainama upande mmoja. Mmeona nyasi za njiani zinavyolala baada ya watu kuzikanyaga? Hazijang'oka. Mizizi ipo, majani yapo, ila zimelala. Makali ya kisu chako baada ya siku moja ya kazi yako hivyo hivyo. Ukipitisha kisu kwenye nyanya, kinachokutana na ganda ni ubavu wa makali yaliyolala, ndiyo maana kinateleza.

Kuna ugonjwa wa pili. Makali yanaweza kumeguka au kulika kabisa. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha katika jarida la Science kazi yao ya kuangalia kwa hadubini wembe unavyokata nywele. Chuma cha wembe ni kigumu kuliko unywele mara 50 hivi. Hata hivyo waliona makali yakimeguka vipande vidogo sana, hasa pale unywele ulipoinama na kukutana na wembe kwa pembe, mahali ambapo chuma chenyewe kilikuwa na udhaifu. Niliposikia habari hiyo nilikaa kimya. Kama unywele unaumega wembe, sinia la bati ambalo tunakatia nyama linakifanya nini kisu?

Basi magonjwa ni mawili, na dawa ni mbili. Makali yaliyolala yanahitaji kunyooshwa. Makali yaliyomeguka au kulika yanahitaji kunolewa, yaani kusaga chuma mpaka yatokee makali mapya. Sisi tunayo dawa moja tu kwa magonjwa yote mawili. Kisu kikileta shida kidogo, tunakwenda kwenye ngazi ya saruji mlangoni, kwaru kwaru kwaru. Au tunachukua tupa ya kunolea jembe. Au tunampelekea fundi mwenye mashine, anakigusisha kwenye jiwe linalozunguka, cheche zinaruka, sisi tunafurahi kuona cheche. Cheche zile ni kisu chako kinaondoka. Na ukiona makali yamebadilika rangi yakawa ya buluu, joto limekwisha kuua ugumu wa chuma pale, hayatakaa tena na ukali mpaka sehemu hiyo isagwe yote iishe.

Simtukani fundi. Fundi mzuri anayepoza kisu kwenye maji kila mara ni mtu wa kumshika sana. Ninachosema ni kwamba tunampelekea visu ambavyo havijaumwa ugonjwa wake. Vijana, mtaani mtu akikosea jambo mnamwambia, “Umenoa!” Kwa habari ya kisu neno lenu lina ukweli mkubwa: mara nyingi tumekosea kwa kunoa pale palipotakiwa kunyoosha. Ndiyo maana visu vyetu vinakonda, vinakuwa kama mundu mdogo, na baada ya muda mfupi tunanunua vingine.

Huwa nawafikiria wazee wa Ufipa, jirani zetu wa Rukwa. Walijenga malungu, zile tanuru ndefu za udongo zilizopita kimo cha mtu, zikayeyusha mawe ya chuma kwa upepo ulioingia wenyewe kwenye matundu ya chini. Halafu kile kilichotoka kikachomwa tena katika tanuru dogo kwa mivukuto, ndipo kikapata kufuliwa kuwa jembe au kisu. Udongo, magogo, mkaa, siku na siku za kazi kwa kipande cha chuma kinachoenea mkononi. Mtu aliyekipata chuma kwa jasho lile hakukisugua ovyo kwenye jiwe la mlangoni. Sisi tunakinunua sokoni kama tunavyonunua kiberiti, basi tunakitumia kama kiberiti.

Chuma cha kunyooshea makali ndicho hiki. Mmekiona. Ni fimbo ya chuma yenye mpini, nyembamba, ndefu kidogo kuliko kisu. Nendeni kwa muuza nyama yeyote anayejua kazi yake, mtakuta kinaning'inia kiunoni au ukutani. Kabla hajakata nyama yako anakipitisha kisu mara mbili tatu, kati ya mteja na mteja anakipitisha tena. Watu wanadhani anajionyesha. Yule bwana anakata tangu saa 12 asubuhi hadi jioni, na kisu chake jioni kinakata kama asubuhi, kwa sababu hakiachi kilale. Methali inasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Watu wanaitumia kwa habari ya wakubwa na vyeo. Mimi nikiisikia namwona yule wa buchani, na naona ukali wake unatoka kwenye kufanya kitu kidogo mara nyingi.

Ila msimwige anavyozungusha mikono hewani. Yeye amefanya hivyo miaka. Sisi tuanze mezani.

Kunja kitambaa chenye unyevu, kiweke juu ya meza. Simamisha chuma juu yake, ncha chini, mpini juu, kikiwa wima kama mlingoti. Kitambaa kinakizuia kisiteleze. Mkono mmoja umeshika chuma, mwingine umeshika kisu. Weka makali ya sehemu iliyo karibu na mpini wa kisu pale juu ya chuma. Sasa shusha, na huku unashusha unavuta kuelekea kwako, ili kisu kikifika chini kiwe kinamalizia na ncha yake. Makali yote, kuanzia mpinini hadi nchani, yawe yamepita juu ya chuma kwa mwendo mmoja. Kisha hamia upande wa pili wa chuma kwa upande wa pili wa kisu. Mara moja huku, mara moja kule. Ukipitisha mara kumi upande mmoja ndipo uhamie mwingine, unayalaza tu makali upande wa pili.

Pembe ndiyo inayowashinda watu wengi, nami ilinishinda muda mrefu. Chukua karatasi ya daftari la mtoto. Kona yake ni digrii 90. Ikunje kona hiyo katikati, unapata 45. Ikunje tena katikati, unapata 22 na nusu. Nafasi hiyo nyembamba iliyobaki ndiyo nafasi inayotakiwa kuwa kati ya bapa la kisu na chuma. Visu vya mtindo wa Ulaya, na vingi vya madukani kwetu vinafuata mtindo huo, hunolewa karibu na digrii 20 kila upande. Vya Kijapani hushuka hadi 15 hivi. Ukilaza kisu sana, chuma kinasugua bapa, makali hayaguswi. Ukikisimamisha sana, unayakandamiza makali yenyewe na kuyaua. Kama huna uhakika, chukua kalamu ya maka, paka wino kwenye ukingo wa makali, halafu pitisha kisu mara moja. Wino ukitoka kwenye ukingo wenyewe, umepata. Ukitoka juu zaidi, inua mgongo wa kisu kidogo.

Nguvu? Uzito wa kisu unatosha. Hili naomba nilirudie kwa sababu sisi wanawake wa nyanda za juu tumezoea jembe na mchi, mikono yetu haijui kufanya kitu bila nguvu. Mnanyoosha kitu chembamba kuliko unywele. Ungemnyoosha mtoto kidole kilichotoka mahali pake kwa nguvu za kupasulia kuni? Sikilizeni sauti. Kinatakiwa kitoe sauti laini, kama mtu anayenong'ona. Kikipiga kelele za kukwaruza, umekandamiza.

Mara 4 hadi 6 kila upande, basi. Haifiki hata dakika moja. Kisha futa kisu kwa kitambaa, maana vumbi la chuma lipo hata kama hulioni, na hatutaki liingie kwenye kachumbari. Jaribu kwenye nyanya iliyoiva: weka makali juu ya ganda na uvute bila kukandamiza. Kisu kikizama chenyewe, anza kazi. Msijaribu kwa kupitisha kidole. Tumeshahesabu makovu ya kutosha.

Fanyeni hivyo kila siku kabla ya kuanza kukata. Ninyi wa chipsi, mnaomenya na kukata viazi vya Isyonje ndoo kwa ndoo, fanyeni na katikati ya kazi. Siku ikifika ambapo umenyoosha vizuri na nyanya bado inakataa, hapo ndipo ujue makali yameliwa kweli, na sasa kisu kiende kwenye kinoo au kwa fundi. Ukikizoea chuma, safari hiyo itakuwa ya miezi, wala si ya kila wiki.

Mama mmoja ameniuliza mlangoni, “Hiki kitu si cha visu vya gharama? Changu nimekinunua kwa machinga.” Mama yangu, kisu chako ndicho kinachokihitaji chuma kuliko vyote. Ugumu wa chuma una kipimo kinachoitwa Rockwell. Visu vizuri vya Ulaya hukaa kati ya 54 na 58 hivi, vya Kijapani hufika 60 na kupita. Vya bei ndogo kwa kawaida ni laini zaidi. Chuma laini makali yake hulala upesi, ni kweli, lakini pia hunyooka upesi. Kigumu sana hakilali, kinameguka, na kukipitisha kwenye chuma chenye mifereji kunaweza kukiharibu. Mwenye kisu kigumu hivyo hutumia fimbo ya kauri au jiwe. Kwa hiyo usimwonee wivu mwenye kisu cha gharama. Cha kwako kinaamka kwa mara 5 za kupitisha, kila asubuhi, kwa miaka.

Mkienda dukani mtakuta fimbo za namna mbalimbali. Iliyo nyororo kabisa, isiyo na mifereji, inanyoosha tu. Yenye mifereji midogo inanyoosha na kukwangua kidogo. Ya kauri inakwangua kidogo pia, ni nzuri, ila ukiiangusha sakafuni inavunjika kama kikombe. Iliyopakwa chembe za almasi ni ya kunoa hasa, inakula chuma, msiifanye ya kila siku. Urefu wa sentimita 25 hadi 30 unafaa visu vyetu vyote. Kisu cha mkate chenye meno kiacheni, hakihusiki hapa.

Na asiye na fedha ya chuma leo, nyumbani kwake kuna kikombe cha kauri. Kipindueni. Chini kuna duara ambalo halikupakwa rangi, ukiligusa linakwaruza kidogo. Hilo duara linafanya kazi ya fimbo ya kauri. Pembe ni ile ile, mkono mwepesi ule ule. Nimefanya hivyo msibani Tukuyu, wanawake zaidi ya 20 tumekaa kwenye mikeka, ndizi mikungu na mikungu, visu vyote butu. Tulipitisha kikombe mkono kwa mkono. Kimya kikaingia kidogo, kisha nikasikia bibi mmoja pembeni anasema, “Kumbe.” Sijasahau lile neno.

Nikiwa bado kwenye ndizi: utomvu wa ndizi mbichi unaganda kwenye bapa na kwenye makali, na mtu anadhani kisu kimekuwa butu kumbe kimevaa gundi. Pakeni mafuta kidogo ya kula kwenye kisu na mikononi kabla ya kumenya, na futeni mara kwa mara. Msilete kisu chenye utomvu kwenye chuma, mtaiziba mifereji kwa utomvu na chuma kitaacha kufanya kazi.

Kuhusu vitunguu nitasema kwa ufupi, kwa sababu mmeshalia vya kutosha. Kisu butu kinakiponda kitunguu, na kadiri unavyokiponda ndivyo maji yake yanavyotoa ile hewa inayochoma macho. Kisu kilichonyooshwa kinapita bila kuponda. Machozi hayaishi yote, yanapungua.

Na mkikatia chini, katieni juu ya mbao au plastiki. Kioo, sinia, sahani, sakafu ya saruji, vyote hivyo ni vigumu mno kwa makali na vinayalaza upesi. Kisu kioshwe peke yake, kikaushwe, kikae kimeviringishwa kitambaa au kimechomekwa mahali pake. Mkiweka kisu kikali ndani ya beseni lenye povu, atakayekatwa ni yule binti mdogo anayewaoshea vyombo, na yeye ndiye asiyekuwa na mtu wa kumsemea.

Nimeleta vyuma vitatu, vikombe vitano vya kauri, na ndoo mbili za nyanya. Meza ziko pale karibu na dirisha, kwenye mwanga. Njooni watano watano, kila mtu na kisu chake alichokuja nacho, hata kama mpini umefungwa kwa mpira. Mnapotembea, ncha ielekee chini. Wewe mama wa kilemba cha kijani, uliyeniuliza habari ya kisu cha machinga, anza wewe. Tandika kitambaa kwanza.